Kinachoingia, kinachotoka, kilichomo: grafu iliyowashinda wasomi wa MIT

Chukua karatasi na penseli kabla hujaendelea kusoma. Mwaka 2000, hewa ya ukaa ilikuwa sehemu 370 hivi katika kila sehemu milioni moja za hewa tunayovuta. Kabla ya zama za viwanda ilikuwa kama 280. Tuseme kiasi hicho kinaendelea kupanda polepole mpaka 400, na kufikia mwaka 2100 kimetulia hapohapo, hakipandi wala hakishuki. Mwaka ule wa 2000 watu walikuwa wakimwaga angani takriban tani bilioni 6.5 za kaboni kwa mwaka, na bahari pamoja na mimea zilikuwa zikinyonya karibu nusu yake. Sasa chora mistari miwili: umwagaji uende vipi kuanzia 2000 hadi 2100 ili hewa itulie kwenye 400, na unyonyaji uende vipi?

Usichungulie chini. Chora kwanza.

Mimi nilipokutana na swali hili mara ya kwanza nilichora mstari wa umwagaji unaopanda kidogo, unapunguza kasi, kisha unalala. Nikaridhika nao kabisa, maana ulifanana na mstari wa hewa ya ukaa niliokuwa nimepewa: nao ulipanda kidogo, kisha ukalala. Wakati huo nilikuwa nimeshafundisha Jiografia miaka kadhaa, na mada ya mabadiliko ya tabianchi naitaja kila mwaka. Nilikosea. Faraja yangu ikawa kwamba nimekosea pamoja na watu wazito.

Walichochora

Swali hilo walipewa wanafunzi 212 wa shahada za juu wa MIT, chuo kikuu cha teknolojia kule Marekani, wengi wao wakiwa wamesomea sayansi, uhandisi, hisabati au uchumi. Waliolitunga ni John Sterman wa MIT na Linda Booth Sweeney wa Harvard, na matokeo yao yalichapishwa mwaka 2007. Maelezo ya utangulizi waliyachota kwenye muhtasari ambao jopo la kimataifa la tabianchi, IPCC, huwaandalia watunga sera. Kwa hiyo wanafunzi hawa walisoma karibu kile kile kinachowekwa mezani kwa waziri.

Zaidi ya watu wanane katika kila kumi walichora picha isiyowezekana kimaumbile. Wengi walichora nilichochora mimi: umwagaji unatulia juu, unyonyaji unabaki chini, na kati yao pengo halizibiki hata siku moja. Wakati huohuo walikubali kwamba hewa ya ukaa angani imetulia. Huko ni kusema bomba linajaza pipa ndoo mbili kila saa, watu wanateka ndoo moja, na maji ndani ya pipa hayaongezeki.

Tupige hesabu, maana hesabu yenyewe ni ya shule ya msingi. Kila tani bilioni 2.13 za kaboni zinazobaki angani huongeza hewa ya ukaa kwa sehemu moja katika milioni. Ukimwaga 6.5 na kunyonywa nusu yake, zinabaki kama 3.25 kila mwaka, yaani ongezeko la sehemu moja na nusu hivi. Ukiushikilia umwagaji hapohapo kwa miaka mia, na unyonyaji nao ukabaki ulipo, umeongeza sehemu 150. Umefika 520, na bado unapanda. Mchoro wangu ulikuwa mbaya zaidi ya hapo, kwa sababu umwagaji wangu ulipanda kidogo kwanza kabla ya kulala.

Ili hewa itulie, mistari miwili lazima ikutane. Umwagaji ushuke mpaka uwe sawa na unyonyaji. Kwa namba za mwaka 2000, maana yake ni kuukata kwa nusu hivi, na hapo tumewafanyia bahari na misitu hisani ya kudhani kwamba wataendelea kunyonya vilevile hata baada ya sisi kupunguza.

Waliokosea hawakukosea ovyo. Wangekosea ovyo, michoro ingetawanyika huku na huku; lakini ilifanana kama ya watoto waliochunguliana kwenye mtihani. Jicho limeona umbo la grafu moja, mkono umelinakili kwenye nyingine. Likipanda hili na lile lipande, likitulia hili na lile litulie. Katika mambo mengi ya kila siku kanuni hiyo inatosha: ukikanyaga mafuta gari linakwenda, ukiachia linapunguza mwendo. Inashindwa pale tu panapokuwa na chombo katikati, kitu kinachokusanya: pipa, ghala, ziwa, deni, anga.

Methali mbili ambazo hazijawahi kukutana

Kiswahili kina methali ya kuingia: haba na haba hujaza kibaba. Kina na ya kutoka: bandu bandu huisha gogo. Kila moja ni kweli, na kila moja inaeleza mrundikano kwa upande mmoja tu. Kibaba cha methali hakina tundu. Gogo la methali halioti tena. Sijapata kusikia methali inayoweka vyote viwili mahali pamoja, bomba juu na tundu chini, halafu inauliza kilichomo kitakuwaje. Msomaji mwenye nayo anikumbushe, lakini kwa sasa nachukulia kwamba hata wazee wetu waliona ni bora kuchukua kipande kimoja kwa wakati.

Ndiyo maana nikiwa darasani nimeacha kutumia maneno makubwa hapa. Nasema kinachoingia, kinachotoka, kilichomo. Maneno matatu, na lugha yenyewe inayatofautisha kwa viambishi: wakati uliopo kwa viwili vya kwanza, na kilichomo kinabeba ndani yake kila kilichowahi kuingia. Mwanafunzi anayechanganya kinachoingia na kilichomo anaweza kusahihishwa kwa sentensi moja, bila fomula.

Kwamba tatizo si ugeni wa mada ya tabianchi, walilionyesha Matthew Cronin, Cleotilde Gonzalez na Sterman huyohuyo mwaka 2009. Waliwapa watu grafu ya duka: idadi ya watu wanaoingia kila dakika na wanaotoka kila dakika, kwa nusu saa. Lini waliingia wengi zaidi? Karibu kila mtu alipata. Lini walitoka wengi zaidi? Vilevile. Lini walikuwemo wengi zaidi dukani? Chini ya nusu walipata, ingawa jibu liko pale mistari inapokatana. Watafiti walibadilisha namna ya kuchora, wakabadilisha hadithi, wakajaribu kuwatia hamu ya kupata. Ugumu ukabaki palepale. Hakuna asiyejua duka ni nini.

Kwa watu wa Kanda ya Ziwa somo hili lilikuja lenyewe, tena kwa gharama. Mvua za mwishoni mwa 2019 zilinyesha kupita kiasi, masika ya 2020 yakafuata, na Mei 2020 Ziwa Victoria likafika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, Uganda, likaipita kwa sentimita moja rekodi ya 1964. Mialo ilizama, nyumba za ufukweni kuanzia Mwanza hadi Kisumu na Entebbe ziliingia maji. Mvua zikakatika, na bado ziwa lilibaki juu kwa miezi na miezi. Watu wakatafuta mchawi: kuna waliosema Uganda wamefunga mabwawa, wengine wakasema chini ya ziwa kuna chemchemi imefumuka. Lakini takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia ziwani ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na sehemu kubwa ya kinachotoka ni mvuke. Mvua ikipungua hadi kiwango cha kawaida, kinachoingia kinakuwa kimekaribiana na kinachotoka, na ziwa halina sababu ya kushuka haraka. Linabaki na kilichomo.

Mwaka huohuo wa 2020 dunia nzima ilifanyiwa jaribio la aina hii bila kuombwa ruhusa. Ndege zilipaki, viwanda vilipunguza kazi, barabara za miji mikubwa zikawa tupu kwa sababu ya korona. Umwagaji wa hewa ya ukaa kutokana na makaa ya mawe, mafuta na gesi ulishuka kwa asilimia 5 hivi. Kwenye kituo cha Mauna Loa, Hawaii, ambako Charles David Keeling alianza kupima hewa ya ukaa iliyomo angani mwaka 1958, wastani wa Mei 2020 ulikuwa sehemu 417 katika milioni. Mei ya mwaka uliotangulia ulikuwa chini ya 415. Mei ya mwaka uliofuata ukafika 419. Magazeti mengi yaliandika hayo kama kitendawili. Bomba lilifungwa kidogo tu, basi, na tundu ni lilelile.

Je, kompyuta inasaidia?

Hapa ndipo simulizi ya MIT inapoungana na programu za uigaji, yaani za kompyuta zinazoiga mwenendo wa kitu halisi, na hapa nina maoni yangu ambayo si kila mwenzangu wa chaki anayakubali.

Varun Dutt na Cleotilde Gonzalez walichapisha mwaka 2012 jaribio la wazi kabisa. Kundi moja la watu lilisomeshwa kwa maelezo. Kundi jingine liliwekwa mbele ya programu ndogo: tangi limechorwa kwenye kioo, bomba la kuingiza, bomba la kutoa, na wewe kila mwaka unaamua kiasi cha kumwaga, ukiwa umepewa kiwango unachotakiwa ukifikie na ukishikilie. Unabonyeza, mwaka unapita, maji yanapanda au yanashuka. Baadaye wote wakapewa swali la kuchora. Waliocheza na tangi walikosea kidogo kuliko waliosoma.

Sababu haiko kwenye uzuri wa picha. Ni kwamba mtu aliyepewa usukani amelazimika kukosea kwa mkono wake. Amepunguza umwagaji, akaona maji bado yanapanda, akashangaa. Maelezo ya kitabu hayamshangazi mtu, kwa kuwa kitabu kinampa jibu kabla hajalihitaji.

Kwa hiyo sikubaliani na mtindo wa kuwasha programu, kuitoa kwenye projekta, mwalimu akavuta kitelezi (kile kitufe cha kwenye kioo unachokisogeza kupandisha au kushusha namba) huku akisema "mnaona?" Wanafunzi watajibu "tunaona", kama wanavyojibu siku zote. Hawajaona kitu. Wameona rangi. Kabla kitelezi hakijaguswa, kila mmoja awe ameshachora mstari wake kwenye daftari kwa kalamu ya wino, si penseli, ili asije akaufuta kimyakimya jibu likitokea. Najua hilo la wino linasikika la kikatili. Mwanzoni nilitumia penseli, na baada ya kipindi nilikuta daftari zote zina majibu sahihi na alama za ufutio.

Programu kubwa za fani hii, C-ROADS na En-ROADS, zilijengwa na shirika la Climate Interactive pamoja na MIT na kampuni ya Ventana Systems. C-ROADS ilikuwa ikitumika wakati wa mkutano wa tabianchi wa Copenhagen mwaka 2009, kujumlisha ahadi za nchi na kuonyesha zinaipeleka wapi dunia mwishoni mwa karne. En-ROADS ilifunguliwa kwa umma Desemba 2019. Inafunguka kwenye kivinjari cha kawaida, bure. Juu kuna grafu za nishati na joto, chini kuna vitelezi: makaa ya mawe, mafuta, gesi, bei ya kaboni (tozo kwa kila tani inayomwagwa), magari ya umeme, ukataji misitu, upandaji miti. Usipogusa chochote, joto la mwaka 2100 linakwenda zaidi ya digrii 3 juu ya lile la kabla ya viwanda. Ukigusa, jibu linarudi papo hapo.

Kitelezi kinachowaumiza wengi ni cha miti. Sisi tumekulia kwenye kampeni za kupanda miti. Kila mgeni rasmi akija shuleni anaachiwa jembe na mche. Ukivuta kitelezi cha upandaji miti mpaka mwisho, joto la mwaka 2100 halipungui hata nusu digrii. Wanafunzi hudhani programu imeharibika. Haijaharibika: mti unahitaji ardhi ambayo haina mahindi juu yake, na unahitaji miongo kadhaa kukua kabla haujanyonya cha maana, huku bomba likiendelea kumwaga. Hapo darasa linaweza kubishana saa nzima, na ubishi huo una faida kubwa kuliko mada yenyewe nikiwa nimeiandika ubaoni.

C-ROADS ndiyo iliyo nyuma ya mchezo uitwao World Climate. Washiriki wanagawanywa kuwa wajumbe wa Marekani, Umoja wa Ulaya, nchi nyingine zilizoendelea, China, India, na nchi nyingine zinazoendelea. Wajumbe wa nchi tajiri wanakalia viti na meza yenye vitafunwa. Wa nchi maskini wanakaa sakafuni. Kila kundi linatangaza mwaka ambao umwagaji wake utaacha kupanda, mwaka utakaoanza kushuka, na kwa asilimia ngapi kila mwaka. Ahadi zinaingizwa kwenye programu mbele ya wote. Raundi ya kwanza kwa kawaida haitoshi hata kidogo. Bahari inapopanda kwenye grafu, msimamizi huchukua turubai la buluu na kuwafunika nalo wajumbe waliokaa chini.

Mwaka 2018 Juliette Rooney-Varga na wenzake walichapisha matokeo ya vikao 39 katika nchi nane, washiriki 2,042. Asilimia 81 walisema hamu yao ya kuchukua hatua imeongezeka. Sina ugomvi na namba hiyo, ila hamu inayopimwa mtu akiwa bado ana vumbi la sakafu kwenye suruali ni ya siku hiyo. Kilichonivutia zaidi kwenye utafiti huo ni kwamba maarifa na hisia vilipanda pamoja. Katika mchezo huu namba hazisomwi na mtu baki. Zinatoka kwenye ahadi uliyoitangaza wewe dakika tano zilizopita kwa kujiamini.

Hata hivyo nina kinyongo kimoja na vitelezi. Mwafrika wa kawaida akiviona anapewa mamlaka asiyokuwa nayo. Bara zima la Afrika linamwaga takriban asilimia 4 tu ya hewa ya ukaa ya dunia inayotokana na nishati ya kisukuku, yaani makaa ya mawe, mafuta na gesi. Mtanzania mmoja kwa mwaka hafikishi hata nusu tani. Mmarekani anapita tani 14. Mtoto wa kidato cha tatu anayevuta kitelezi cha makaa ya mawe ya dunia nzima kwenda sifuri amejifunza fizikia sahihi na siasa ya uongo. World Climate inaligusa hilo kwa kumkalisha chini. En-ROADS hailigusi, kitelezi ni kimoja na kidole ni chochote. Nadhani programu zote mbili zikitumika bila mjadala wa nani anashika koki, zinafundisha nusu.

Na kuna la kiufundi. Nyuma ya kitelezi kuna dhana nyingi, yaani makisio ya kuanzia, ambazo mtumiaji hazioni: bei ya paneli za jua itashuka kwa kasi gani, watu watakuwa wangapi, dunia itapata joto kiasi gani kwa kila ongezeko la hewa ya ukaa. En-ROADS inaruhusu kufungua ukurasa wa dhana na kuzibadilisha. Ni wachache wanaoufungua. Mimi huwaamuru wanafunzi wabadilishe dhana moja tu na kurudia jaribio lilelile, waone jibu linavyohama. Wakishaona hivyo wanaacha kuitaja kompyuta kama vile imetabiri, wanaanza kusema "kama hivi, basi hivi".

Ndoo iliyonisaliti

Sasa nieleze nilivyoaibika, kwa sababu ndipo nilipoelewa kompyuta inafaa kwa lipi.

Shule niliyokuwa nikifundisha ilikuwa na kompyuta mpakato moja, yangu, na umeme usioaminika. Nikaona nianze na ndoo. Nilitoboa kwa msumari mkubwa ndoo ya lita 10 karibu na kitako, nikaiweka juu ya matofali ndani ya beseni kubwa la kufulia ili maji yasipotee, nikaifungulia bomba kwa mkondo mwembamba usiobadilika. Wanafunzi walikuwa wameshachora. Nusu ya darasa ilisema: bomba lisipobadilika, maji yatapanda kisha yatatulia. Nami nilikuwa nimejiandaa kuwaonyesha kwamba wamekosea, kwamba maji yatapanda tu.

Maji yakapanda. Yakapunguza kasi. Baada ya dakika ishirini hivi, yakatulia.

Darasa lilishangilia. Nilisimama na chaki yangu kama mtu aliyeibiwa. Nilikuwa nimesahau fizikia ya kawaida kabisa: kadiri maji yanavyopanda ndani ya ndoo, ndivyo yanavyosukuma kwa nguvu zaidi kwenye tundu, na ndivyo kinachotoka kinavyoongezeka, mpaka kinalingana na kinachoingia. Ndoo yenye tundu inajirekebisha yenyewe. Swali la MIT halikuwa na tundu la namna hiyo. Lilisema unyonyaji ni nusu, nami nikaugandisha. Nilikuwa nimeleta chombo kinachothibitisha kosa nililokuja kulisahihisha.

Baya zaidi, ndoo haikuwa ya uongo kabisa. Bahari na mimea kweli hunyonya zaidi hewa ya ukaa inapozidi angani. Ndiyo sababu kwa miongo kadhaa zimeendelea kuchukua karibu nusu ya tunachomwaga ingawa tunachomwaga kimekuwa kikiongezeka. Basi kwa nini tusibaki na bomba lilelile na kusubiri tundu lijirekebishe?

Nilitaka kufunga kipindi. Binti mmoja aliyekaa mbele, ambaye kwa kawaida hasemi, akaniuliza: "Mwalimu, na beseni likijaa?"

Tukaliacha bomba. Beseni la chini lilikuwa limepokea maji muda wote huo bila mtu kulitazama. Lilipopanda mpaka kulifikia tundu la ndoo, na kulifunika, mtiririko ukazidi kulegea, kwa sababu sasa maji ya ndoo yalikuwa yanasukumana na maji ya beseni. Ndani ya ndoo, palipokuwa pametulia, maji yakaanza kupanda tena. Bomba halikuguswa.

Beseni ni bahari. Tabaka la juu la bahari hulingana na anga baada ya muda si mrefu, na kulipeleka lililonyonywa hadi kwenye vilindi ni kazi ya karne. Maji yakipata joto, uwezo wake wa kushika gesi unapungua, kama soda iliyoachwa juani ambayo ukiifungua inatoka yote kwa povu. Kwa hiyo kinachotoka hakikui kwa kasi ya kutuokoa. Ndoo peke yake haikuweza kuyasema hayo. Ndoo na beseni ziliweza kusema nusu. Na kufuatilia anga, tabaka la juu la bahari, vilindi, udongo na misitu kwa pamoja, kila kimoja na kasi yake, mwaka kwa mwaka hadi 2100, hakuna mwalimu atakayefanya kwa ndoo wala kwa hesabu ya ubaoni. Hiyo ndiyo kazi ninayoinunulia bando.

Kipindi kilichofuata umeme ulikuwepo. Nilifungua programu, nikaweka umwagaji wa dunia ubaki palepale ulipo mpaka mwisho wa karne, na nikawataka wachore kwanza, kwa wino. Safari hii wengi walichora hewa ya ukaa inayopanda bila kukoma. Wanafunzi watatu nyuma walichora inayotulia, wakatetea ndoo yao. Yule binti alichora inayopanda, inayopunguza kasi kidogo, kisha inayopanda tena, na pembeni akaandika kwa herufi ndogo: *beseni*.

Nikabonyeza. Mstari wa programu ulipanda moja kwa moja hadi 2100, bila ule mkunjo wa katikati aliouchora binti. Akanyanyua mkono kuuliza kwa nini beseni la kompyuta halifanani na lake, na tukaanza kutafuta kwenye ukurasa wa dhana.